Binti Aliyebaki Mpakani

Foleni ya malori yatokayo Mombasa huanza mbali kabla lango la Malaba halijaonekana. Katika foleni hiyo baba wa binti huyu, ambaye jina lake tunalisitiri, alizoea kukesha. Ndiyo sababu aliihamishia Busia familia yake kutoka Pwani, apate kuwaona. Miaka minane baadaye akatoa talaka moja kwa simu, na mama akafungasha nguo siku iyo hiyo akarudi kwao. Binti, mwenye miaka 16, akaachwa kwa shangazi yake ili amalize shule.

Msomaji mpenzi, talaka rejea ina eda yake ya tohara tatu, na Suratut Talaq inakataza mke kutolewa nyumbani au kutoka mwenyewe katika muda huo. Wengi hudhani amri hiyo inawahusu mume na mke tu. Lakini nyumba ambayo mama hajaondoka bado humpa mtoto nafasi ya kuuliza. Huyu hakuipata. Wakubwa walibishana juu ya nani aliyeanza. Yeye hakuambiwa neno.

Kimya hicho kikapata mtu wa kukijaza. Alikuwa kijana wa bodaboda kutoka Busia ya Uganda. (Jina hilo la bodaboda lilizaliwa mpakani huku huku, enzi za vijana waliovusha watu kwa baiskeli.) Kila jioni alimpigia kumwuliza, "Umekula?" Sisemi kijana alikuwa mwovu. Nasema hakuna mwingine aliyeuliza. Alipotaja ndoa, binti hakuona harusi. Aliona nyumba ambayo hakuna atakayeihama.

Shangazi alipoigundua simu alitaka kuivunja. Kwa bahati alimpigia mama mtu kwanza, naye akapanda basi usiku ule. Kwetu Pwani msichana akivunja ungo hupewa somo wa kumfunza na kumsikiliza. Busia hakuwa naye, basi mama akawa somo kwa siku nne. Alimweleza kwamba Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka miaka 18, na Katiba ya Uganda vivyo hivyo, kwa hiyo kuvuka mpaka hakumfai kitu. Binti alisikiliza, macho makavu. Alilia pale mama alipomweleza, bila kumtukana baba, kwa nini waliachana, na kwamba si kwa ajili yake.

Masrufu ya watoto yamebaki juu ya baba, kama sheria ya dini inavyotaka, naye huyatuma. Asingeyatuma, mama angekuwa na njia ya kwa Kadhi.

Tulipozungumza na binti mara ya mwisho, alikiri kwamba kijana yule bado yumo moyoni, ingawa hawapigiani tena. Hasira kwa baba nayo ipo. Kila Ijumaa baada ya swala baba humpigia, mara yuko Malaba, mara Tororo. Siku nyingine huipokea.