Mashine za Tokyo, mikono ya Bomet: Anayoyaona mgeni kutoka Longisa

Wahenga walinena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Mnamo Septemba 2025, wakazi wengi wa Kericho na Bomet walilitazama jiji la Tokyo bila kutoka sebuleni mwao, mashindano ya riadha ya dunia yalipoandaliwa huko kuanzia tarehe 13 hadi 21. Beatrice Chebet, mzawa wa Londiani katika kaunti ya Kericho, alinyakua dhahabu mbili, katika mbio za mita 10,000 na mita 5,000. Kenya ilirejea na medali 11, saba kati yazo zikiwa za dhahabu.

Hata hivyo, runinga ilionyesha uwanja na barabara za mbio. Jiji lenyewe ni jambo jingine, na mgeni atokaye Longisa hulitazama kwa jicho lake mwenyewe. Longisa ni mji mdogo ulio kando ya barabara ya kutoka Narok kwenda Bomet, nao unajulikana zaidi kwa hospitali yake ya rufaa ya kaunti. Msafiri akitoka huko hulazimika kwanza kufika Nairobi, kisha kubadilisha ndege katika miji kama vile Doha, Dubai au Addis Ababa. Anapotua Japani, saa yake huwa imeachwa nyuma kwa saa sita. Watu wa Longisa wakiketi kula chajio saa mbili usiku, Tokyo huwa ni saa nane za usiku wa manane.

Umati usio na kelele

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni wingi wa watu. Tokyo ina wakazi wapatao milioni 14, na ukijumlisha miji iliyoungana nayo, idadi hiyo hufikia takriban milioni 37. Kituo cha garimoshi cha Shinjuku pekee hupitiwa na abiria zaidi ya milioni tatu kwa siku, na kina milango ya kutokea zaidi ya 200. Anayekosea mlango huweza kutembea muda mrefu kabla ya kuipata barabara aliyoikusudia.

La pili ni utulivu wa umati huo. Aliyezoea makanga wanaowaita abiria kwa sauti katika kituo cha matatu, hapa hukuta watu wamepanga foleni mahali palipochorwa alama, pale pale mlango wa garimoshi utakaposimama. Ndani ya behewa, kuzungumza kwa simu huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Dereva huvaa glavu nyeupe, naye huisonta kila ishara kwa kidole na kuitaja kwa sauti ili asije akapitiwa. Katika mikahawa hakuna desturi ya kumwachia mhudumu bakshishi, na anayeacha sarafu mezani huenda akakimbiliwa hadi nje arudishiwe pesa zake.

Mashine kila kona

Linalomkaa zaidi moyoni mgeni, lakini, ni mashine. Mashine za kuuza vinywaji zimesimama kila kona, hata katika vichochoro ambako hakuna duka. Mtu hutumbukiza sarafu, hubofya kitufe, na chupa ya chai hudondoka, ya moto wakati wa baridi na ya baridi wakati wa joto. Katika mikahawa mingi ya tambi, mteja hununua tikiti ya chakula kwenye mashine iliyo mlangoni. Katika mikahawa mingine, roboti yenye magurudumu huleta sahani hadi mezani. Yurikamome, njia ya reli iliyofunguliwa mwaka 1995 kuelekea eneo la Odaiba, hubeba abiria katika magarimoshi yasiyo na dereva.

Ni rahisi mgeni kurejea nyumbani akisimulia kuwa Wajapani wameendelea kwa sababu wana mashine, na kwamba Kenya nayo ikinunua mashine itaendelea vivyo hivyo. Jibu hilo si kamili. Anayetazama kwa makini huona jambo jingine karibu na mashine hizo: wazee. Dereva wa teksi ana mvi. Anayewaongoza wapita njia kando ya barabara inayokarabatiwa, akiwa na kijiti chenye taa mkononi, huenda akawa mtu wa miaka 70.

Japani ni nchi inayopungukiwa na watu. Idadi ya wakazi wake ilifikia kilele cha takriban milioni 128 karibu mwaka 2008, na tangu wakati huo imeshuka hadi chini ya milioni 124. Karibu watu watatu kati ya kila kumi wana umri wa miaka 65 au zaidi. Mwaka 2024, Wajapani waliozaliwa walikuwa takriban 686,000. Kaunti ya Bomet peke yake ilikuwa na wakazi 875,689 katika sensa ya mwaka 2019. Yaani watoto wote waliozaliwa na Wajapani kwa mwaka mzima hawatoshi kuijaza Bomet. Kila mwaka shule hufungwa kwa mamia kwa kukosa wanafunzi. Upungufu wa wafanyakazi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mnamo Aprili 2019 serikali ilianzisha viza mpya ya kuwaingiza wageni wenye ujuzi katika sekta kama vile ujenzi, kilimo na utunzaji wa wazee.

Kwa hiyo, mashine nyingi za Tokyo zimewekwa mahali ambapo mtu wa kufanya kazi hiyo ni adimu.

Chai ya Shizuoka na chai ya Bomet

Tofauti hiyo hujitokeza wazi zaidi mgeni anapotoka jijini. Garimoshi la mwendo wa kasi, Shinkansen, lililozinduliwa tarehe 1 Oktoba 1964, humfikisha Shizuoka kwa takriban saa moja. Hapo mtu wa Bomet hujiona kana kwamba amerudi nyumbani, kwa kuwa milima imevikwa majani chai. Ila mistari ya michai imekatwa ikawa mviringo kama migongo ya viumbe waliolala, na mchumaji mwenye kikapu mgongoni ni nadra kuonekana.

Wakulima wa Japani waliacha kuchuma kwa mikono hatua kwa hatua. Mapema katika karne ya 20 walianza kutumia mikasi mikubwa yenye mfuko. Baadaye zikaja mashine zinazoshikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, na hatimaye mashine zinazoendeshwa kama trekta katika mashamba tambarare, hasa ya Kagoshima. Wakati huo huo viwanda vya mijini vilikuwa vikiwavuta vijana kutoka mashambani. Mashine ilifuata nyayo za kijana aliyekuwa amekwisha kuondoka.

Isitoshe, kazi yenyewe ni tofauti. Huko chai huchumwa kwa misimu, na mavuno ya kwanza, yanayothaminiwa zaidi, huanza karibu mwezi wa Aprili. Mikono mingi huhitajika kwa muda mfupi, kisha haihitajiki tena. Katika nyanda za Kericho na Bomet, michai huchipua mwaka mzima, na mchumaji hurudi kwenye mstari ule ule baada ya wiki moja au mbili. Kuchuma ni ajira ya mwaka mzima inayolipwa kwa kilo, na ndiyo inayolipa karo na kununua unga.

Hii ndiyo sababu mashine ile ile inayopokewa kwa shukrani Shizuoka imezua uhasama Kericho. Mnamo Oktoba 2010, wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai waligoma kupinga mashine za kuchumia. Mnamo Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mashine kadhaa mashambani Kericho. Jambo hili lina uchungu zaidi kwa kuwa sehemu kubwa ya mashamba hayo iko kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walifurushwa enzi za ukoloni. Kwa familia nyingi, ajira ndiyo faida pekee iliyosalia kutokana na ardhi hiyo.

Kampuni nazo zina hoja zao. Gharama za uzalishaji hupanda ilhali bei mnadani Mombasa hupanda na kushuka, na mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi. Wapinzani hujibu kwamba mkono huchagua majani mawili na chipukizi, ilhali mashine hufyeka pamoja na vijiti na majani yaliyokomaa, hivyo kushusha ubora.

Funzo la kubeba nyumbani

Mgeni wa Longisa hana sababu ya kurudi akiichukia mashine, wala akiiabudu. Yapo mengi ya Tokyo yanayoweza kuigwa bila gharama kubwa: foleni, kuheshimu wakati, uaminifu wa kurudisha chenji. Yapo pia yanayohitaji kupimwa kwanza. Swali la kuuliza ni nani aliyekuwa akiifanya kazi hiyo, na ataelekea wapi mashine ikiingia.

Japani ilikuwa na jibu: kijana alikwenda kiwandani kabla mashine haijaingia shambani. Katika nyanda za chai za Kenya, mashine imetangulia na viwanda vya kuwapokea vijana ni vichache. Chai nyingi ya Kenya bado huuzwa nje kwa wingi bila kufungwa katika pakiti, na kazi za kuichanganya, kuifunga na kuitia chapa hufanywa katika nchi nyingine. Kazi hizo zikirejeshwa Kericho na Bomet, mchumaji atakayeachwa na mashine atakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Zisiporejeshwa, mashine itaendelea kuonekana kama mwizi wa mkate, hata iwe imesifiwa namna gani ng'ambo.