Kistari kimoja kikizimika kwenye multimeta, bateri nzima inaweza kutupwa

Bateri ya sola iko na volti 12,80. Imejaa. Lakini fundi anayeipima anasoma 12,00, anamwambia mwenye nyumba kwamba bateri yake imechoka, na mwenye nyumba anaanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Bateri haina kosa. Fundi naye alisoma vizuri. Kilichokosekana ni kistari kimoja kidogo katikati ya namba 8, kwenye kioo cha multimeta.

Mambo ya namna hii yanaweza kutokea katika atelie yoyote ya Goma, Bukavu, Uvira ama Bunia, ambako multimeta moja inatumika miaka na miaka na kupita katika mikono ya watu wengi. Tangu sola ilipoingia katika nyumba ambazo hazifikiwi na waya za umeme, chombo hicho ndicho kinachoamua bateri gani ibaki na bateri gani itupwe. Kioo chake kikiharibika, wenye kulipa ni wateja.

Vistari saba, namba kumi

Kwenye multimeta za kawaida, kila namba inachorwa kwa vistari saba: vitatu vya kulala na vinne vya kusimama. Namba 8 inavitumia vyote. Ikikosa kistari cha katikati, inakuwa 0. Ikikosa kile cha juu upande wa kuume, inakuwa 6. Namba 9 ikikosa kistari cha juu upande wa kushoto, inakuwa 3. Namba 6 ikikosa cha chini upande wa kushoto, inakuwa 5. Na 7 ikikosa kile cha juu kabisa, inabaki 1.

Ndiyo sababu kioo kilichokufa nusu ni kibaya kuliko kioo kilichozimika kabisa. Kilichozimika, kila mtu anakiona, na chombo kinawekwa pembeni. Kilichokufa nusu kinaendelea kutoa namba, na namba yenyewe inaonekana safi.

Kuna tatizo lingine. Multimeta nyingi za bei ndogo zinahesabu mpaka 1999, maana yake nafasi ya kwanza inaweza kuonyesha 1 tu ama kubaki tupu. Kwenye ngazi ya volti 20, bateri ya 12,80 inahitaji ile 1 ya mbele. Ikizimika, kioo kinaandika 2,80.

Kwa bateri, hasara ni pesa. Kwa umeme wa nyumba, hasara inaweza kuwa maisha. Volti 220 zikiandikwa 20 kwa sababu namba ya mbele imezimika, mtu anaweza kushika waya akidhani hauna nguvu. Kwa hiyo mafundi waliosoma kazi yao wanafuata kanuni moja ya zamani: kwanza kupima mahali panapojulikana kuwa na umeme, kiisha kupima waya wa kazi, kiisha kurudi kupima pale pa kwanza. Kama chombo kinadanganya, mara nyingi kitajulikana hapo.

Mara nyingi kioo ni kizima

Habari njema ni kwamba kistari kilichopotea mara nyingi hakijafa. Kimekatika tu na chombo chake.

Kioo cha multimeta ya kawaida hakina waya. Kati yake na ubao unaobeba piesi kuna kipande cha mpira chembamba ambacho mafundi wanakiita zebra, kwa sababu kimetengenezwa kwa mistari: mmoja unapitisha umeme, mwingine unauzuia, na kadhalika. Kila kistari cha namba kinapata umeme wake kupitia mistari hiyo. Vumbi kidogo, mafuta ya vidole ama skuribu iliyolegea inatosha kukata njia ya kistari kimoja. Chombo kilichoanguka chini mara nyingi kinaanza ugonjwa wake hapo.

Kazi ya kukirudisha haidai piesi mpya. Kwanza, fundi anabadilisha pile ya multimeta yenyewe, kwa maana pile iliyochoka inafifiza kioo na kutoa namba za uongo. Kama haikusaidia, anatoa waya zote za kupimia, anatoa pile, ndipo anafungua. Anainua kioo polepole, anatoa ule mpira bila kuuvuta, anausafisha kwa pamba na alkoli isiyo na maji mengi. Anasafisha pia ukingo wa kioo na mistari ya ubao ambapo mpira unakaa. Anaacha vikauke, anarudisha bila kugusa kwa vidole pale aliposafisha, na anakaza skuribu zote kwa nguvu sawa. Skuribu moja ikilegea, vistari vya upande ule vitapotea tena.

Kuna vioo vingine vinavyoshikwa na utepe mwembamba ulioganda kwa joto. Huo hausafishwi. Wengine wanaukandamiza upya kwa chuma chenye joto kidogo, na inafaulu mara moja moja tu. Na kioo kikionyesha doa jeusi linalotanuka kama wino uliomwagika, kimepasuka ndani. Hapo hakuna dawa ila kukibadilisha.

Giza kwenye osiloskopu

Osiloskopu ni chombo kinachochora mwendo wa umeme kama mstari unaopanda na kushuka. Zile za zamani zinatumia tyubu ya kioo yenye asili katika kazi ya Mjerumani Ferdinand Braun mwaka 1897. Mfano unaojulikana sana na mafundi ni Tektronix 465, iliyotoka mwaka 1972. Kampuni hiyo ya Oregon, Marekani, ilikuwa inajitengenezea tyubu zake yenyewe. Leo haizitengenezi tena. Tyubu ikichoka kweli, inabaki kuitoa kwenye chombo kingine cha namna ileile.

Lakini giza halimaanishi kwamba tyubu imekufa. Kwenye Tektronix za miaka ile, ugonjwa unaojulikana ni kondensateri ndogo za tantalamu. Zikizeeka, zinaweza kuungana ndani na kuvuta chini umeme wote wa njia yao. Mstari unapotea, na mwenye chombo anasema kioo kimekufa, kumbe kilichokufa ni piesi moja ndogo kama punje ya mahindi.

Tantalamu inatoka katika koltani, madini yaleyale yanayochimbwa Rubaya, katika eneo la Masisi. Mengi yanaondoka Kongo katika mifuko na kuishia ndani ya vyombo vya umeme duniani kote. Fundi wa Kivu anayebadilisha kondensateri ya namna hiyo anashika katika mkono wake kazi ambayo mwanzo wake unafanana na ule wa milima ya kwao.

Ili kuijua ile iliyoharibika, fundi anapima umeme wa kila njia ndani ya osiloskopu. Kwenye 465, moja ya njia hizo ni ya volti −8. Kama multimeta yake imepoteza kistari cha katikati, −8,00 itasomeka −0,00, naye atatafuta ugonjwa mahali ambapo haupo.

Kazi hii haifai mtu wa kujaribu-jaribu. Tyubu ya osiloskopu inatumia volti zinazozidi 10 000, na sehemu ya nguvu hiyo inaweza kubaki hata baada ya kuzima. Tena tyubu haina hewa ndani: ikivunjika, vipande vinaruka.

Kubadilisha ama kutupa

Vioo vya multimeta havibadilishwi ovyo kati ya chombo na chombo. Hata vikilingana kwa ukubwa, mpangilio wa mistari unaweza kuwa tofauti. Njia ya uhakika ni kutoa kioo kwenye chombo cha mfano uleule kilichokufa sehemu nyingine. Kwa hiyo atelie inayotunza vyombo vibovu inatunza piesi.

Kwa osiloskopu za baadaye njia zimeongezeka. Baadhi ya Tektronix za jamii ya TDS za miaka ya 1990 ziko na tundu la video nyuma, na ekra ya kawaida ya ordinateri inaweza kuchukua nafasi ya ile iliyozimika. Kwenye zile zenye kioo bapa, mara nyingi kilichochoka ni taa ya nyuma tu, na vipande vya LED vinaweza kuirithi.

Je, inafaa kusumbuka wakati multimeta mpya inauzwa kwa dola chache? Inategemea chombo. Ile ya bei ndogo kabisa, kama zebra imesafishwa bila matokeo, iachwe. Lakini multimeta nzuri ya zamani, kama Fluke ya Marekani ama Metrix iliyotengenezwa Annecy, Ufaransa, iko na fyuzi na kinga ambazo nyingi za bei ndogo hazina. Kwa mtu anayepima umeme wa nyumba, kinga hizo zinalinda mkono wake.

Baada ya matengenezo, bado kazi moja. Fundi anapima pile mpya ya 1,5, bateri ya gari na tundu la ukutani kwa chombo kilichotengenezwa, kiisha kwa multimeta nyingine. Namba zisipolingana, chombo kirudi mezani kabla bateri ya mtu haijatupwa.