Wi-Fi imejaa, intaneti haipo: hitilafu iko kwenye waya

Ni siku ya soko. Simu inashika Wi-Fi ya umma na mistari yote inaonyesha imejaa, lakini ukurasa wa eCitizen bado unazunguka tu. Mwenye simu anaizima na kuiwasha, anasogea karibu na mlingoti, kisha anakata tamaa na kununua bando kwa pesa alizokusudia kuzitumia kwa nauli. Jirani yake ana shida iyo hiyo. Wote wawili wanasema netwaki imepotea.

Mara nyingi haijapotea. Mistari ile ya simu hupima kitu kimoja pekee, nayo ni nguvu ya mawimbi kati ya simu na kisanduku cha Wi-Fi kilichofungwa ukutani au kwenye mlingoti. Haisemi lolote kuhusu kilicho nyuma ya kisanduku hicho, na huko nyuma ndiko hitilafu nyingi zinakotokea.

Jambo hili linagusa watu wengi kuliko zamani. Tangu Oktoba 2024, matibabu ya bima ya umma yanapitia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na mhudumu wa zahanati huhitaji mtandao ili kuthibitisha kwamba mgonjwa amesajiliwa. Vyeti, leseni na malipo ya huduma za serikali viko kwenye eCitizen. Mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka hutuma picha za kazi yake kwa mnunuzi aliye mbali. Serikali ya kitaifa nayo ilipanga mwaka wa 2022 kuweka Wi-Fi ya umma katika vituo 25,000 na kutandaza kilomita 100,000 za faiba nchini. Vituo vikiongezeka, makabati ya vifaa yanaongezeka, na siku ambazo kitu kitakwama zinaongezeka pia.

Intaneti inayofika Kisii na Nyamira imetoka mbali. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka wa 2009, na TEAMS ina urefu wa takriban kilomita 5,000 kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu. Kutoka pwani, faiba hupanda hadi bara, ikiwemo ile ya mradi wa kitaifa wa NOFBI iliyounganisha makao makuu ya kaunti. Mwishowe huingia katika jengo na kufika kwenye kabati la chuma. Hapo, baada ya safari yote hiyo, inaweza kuzuiwa na kipande cha waya cha mita mbili.

Ndani ya kabati kuna vifaa viwili vinavyohusika sana. Cha kwanza ni swichi. Si ile ya kuwashia taa, bali ni kisanduku chenye safu ya matundu ambamo nyaya zote za jengo hukutana. Cha pili ni kontrola ya Wi-Fi, inayosimamia visanduku vyote vya kurushia mawimbi. Hiyo ndiyo huvipa jina la mtandao na nywila, huamua kila kimoja kitumie masafa gani, na mara nyingi ndiyo hufungua ule ukurasa wa kwanza unaomtaka mtu akubali masharti kabla ya kuendelea.

Anayejua stegi ya matatu ataelewa upesi. Swichi ni stegi yenyewe, ambapo kila njia ina foleni yake na abiria wa Ogembo hachanganywi na wa Nyamira. Kontrola ni msimamizi anayetoa amri kwa simu. Simu yake ikikatika, magari yapo, makanga wanaita na abiria wamepanga foleni, lakini hakuna anayejua gari lipi litoke. Ndivyo ilivyo kontrola ikikosa kuwasiliana na swichi. Kuna mitambo ambayo visanduku huendelea kuwahudumia watu bila kontrola, na kuna mingine ambayo kila kitu husimama. Ndiyo sababu hitilafu moja inaweza kuonekana tofauti katika vituo viwili.

Fundi mzuri huanza chini, kwenye vitu vinavyoshikika. Je, taa ndogo iliyo kando ya tundu la swichi inawaka? Ikiwa imezima, hakuna haja ya kufungua kompyuta. Kwanza anabadilisha waya kwa mwingine anaojua ni mzima, kisha anajaribu tundu jingine. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na wanaoiruka huishia kununua kifaa kipya ambacho hakikuhitajika.

Taa ikiwaka, hilo pekee halitoshi. Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani yake. Kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde huzihitaji zote nane, ilhali kasi ya 100 hutosheka na nne. Panya akitafuna uzi mmoja, au kichwa cha waya kikibanwa vibaya, taa inaweza kuendelea kuwaka huku kasi ikishuka mara kumi. Kituo kilichokuwa kikihudumia umati sasa kinaweza kuhudumia wachache tu. Urefu nao una mpaka, kwa kuwa waya wa shaba haufai kuzidi mita 100. Katika soko kubwa au hospitali yenye majengo yaliyotawanyika, ni rahisi kuvuka kipimo hicho bila kujua.

Hitilafu inayosumbua kuliko zote ni ya makubaliano. Vifaa viwili vikiunganishwa, huafikiana vyenyewe kuhusu kasi na kama vitazungumza kwa pamoja au kwa zamu. Mtu akiweka upande mmoja kwa mkono na kuuacha mwingine ujiamulie, kimoja kitazungumza wakati wowote na kingine kitangoja zamu yake. Asubuhi, watu wakiwa watatu, kila kitu hufanya kazi. Fundi anakuja, anapima, anasema mtandao ni mzuri, anaondoka. Saa sita mchana soko linapojaa, data zinagongana na mtandao unalala. Mkazi anayelalamika huonekana kama anazusha. Dawa yake ni kuacha pande zote mbili zijiamulie, au kuziweka zote mbili sawasawa.

Foleni za stegi nazo huchangia. Waya mmoja kati ya kontrola na swichi hubeba njia kadhaa zilizotenganishwa: ya umma, ya wafanyakazi, ya malipo. Kila njia ina nambari yake, na nambari hiyo lazima iruhusiwe pande zote mbili. Ikisahaulika upande mmoja, wafanyakazi wa ofisi wanapata intaneti kama kawaida huku mwananchi nje ya dirisha hapati chochote. Dalili yake ni kwamba simu inashika Wi-Fi lakini haipewi anwani ya mtandao. Anayejua kufungua maelezo ya Wi-Fi kwenye simu au kompyuta yake anaweza kukuta anwani inayoanza kwa 169.254, ambayo ni anwani ambayo kifaa hujipa chenyewe kikikosa wa kukipa.

Anwani pia zinaweza kuisha. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani 254, na kila simu inayopita huchukua moja kama mtu anavyochukua nambari ya foleni hospitalini. Ikiwa imepangwa kwamba nambari hairudishwi hadi saa 24 zipite, simu ya mtu aliyekwisha kurudi nyumbani bado inashikilia nafasi, na aliyefika alasiri anakosa. Kupunguza muda huo hadi saa moja hutibu tatizo bila kununua chochote.

Halafu kuna mikono ya watu wenye nia njema. Mtu anakuta waya unaning'inia kwenye kabati lililoachwa wazi na kuuchomeka katika tundu tupu. Kama ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyo hiyo, data huanza kuzunguka bila kikomo hadi jengo zima likose mtandao. Swichi zilizopangwa vyema hutambua mzunguko huo na kulifunga tundu. Zile za bei nafuu hazitambui.

Hali ya hewa ya milimani nayo haisamehe. Eneo la Gusii hupata mvua nyingi na radi za mara kwa mara, na wakazi wanajua zaidi ya yeyote madhara yake. Radi haihitaji kupiga kabati ndipo iharibu. Ikipiga karibu, nguvu yake huingia katika waya wa shaba uliopitishwa nje kutoka jengo moja hadi jingine na kuunguza tundu la swichi. Wakati mwingine tundu hilo hubaki likitoa mwanga ingawa halipitishi kitu. Kati ya majengo, faiba ni bora kwa sababu ni kioo na haipitishi umeme. Pale ambapo shaba haiepukiki, vizuia radi na waya wa ardhini ni vya lazima, hata kama mwenye kutoa zabuni ataviona kama gharama ya ziada.

Stima ikipotea na kurudi, kontrola inaweza kuamka na tarehe isiyo sahihi. Visanduku vyake hukagua vyeti vya kidijitali kabla ya kutii amri, na cheti kikionekana hakijaanza kutumika, vinakataa kuungana nayo. Waya ni mzima na taa zinawaka, lakini saa imekosea.

Pamoja na hayo, tiba inayopendwa kuliko zote ni kuzima na kuwasha. Husaidia, lakini vifaa vingi vikizimwa hupoteza kumbukumbu ya yaliyotokea, na fundi anayekuja kesho hakuti dalili yoyote. Ni afadhali kumbukumbu hizo zinakiliwe kwanza.

Mkazi haombwi kufungua kabati. Akiona Wi-Fi imejaa na intaneti haipo, aulize walio karibu kama nao wamekwama. Kama ni simu yake peke yake, aisahaulishe Wi-Fi hiyo kisha aunganishe upya. Kama ni wote, atoe taarifa kwa ofisi ya wadi au kwa msimamizi wa kituo, akitaja mahali hasa, saa, jina la mtandao kama lilivyoandikwa kwenye simu, na maneno ambayo simu inaonyesha. “Inashika lakini haipati anwani” na “inafanya kazi asubuhi, inakufa saa sita” ni taarifa zinazompeleka fundi moja kwa moja kwenye swichi. “Netwaki ni mbaya” inampeleka kwenye mlingoti, ambako pengine hakuna kosa.

Ajihadhari pia na mitandao yenye majina yanayofanana na ya umma. Ukurasa wowote wa Wi-Fi unaodai PIN ya M-Pesa ni wa wizi.

Kwa jambo la dharura, kuna njia isiyohitaji intaneti. Usajili wa SHA unapatikana kwa kubonyeza *147# kwenye simu ya aina yoyote, hata kabambe. Vituo vya Huduma vilivyoko mjini Kisii na Nyamira vinaendelea kuwahudumia wanaofika wenyewe.

Wakazi wa Keroka wana jambo moja la kuongeza. Kwa kuwa mji huo uko mpakani, taarifa itaje kituo kiko upande wa Kisii au wa Nyamira, kwani mafundi wa pande hizo mbili hawatoki ofisi moja.