Nabers au Thomas? Hesabu za msimu wa kwanza

Msimu wa 2024 wa ligi ya NFL ulipoisha, mashabiki wa soka la Kimarekani waligawanyika juu ya vijana wawili waliotoka chuo kimoja. Malik Nabers wa New York Giants alikuwa amedaka mipira 109, mingi kuliko mpokeaji wa pembeni yeyote aliyewahi kucheza msimu wake wa kwanza katika ligi hiyo. Brian Thomas Jr. wa Jacksonville Jaguars alidaka 87, lakini hiyo 87 ilimpa yadi 1,282 na tachidauni 10 (mabao ya kufikisha mpira eneo la mwisho la uwanja), ilhali Nabers aliishia yadi 1,204 na tachidauni 7. Kila upande ukawa na hesabu yake ya kutambia.

Kwa msomaji anayekutana na mchezo huu usiku wa Super Bowl tu: timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kitu. Kwotabeki ndiye anayeamua mpira aurushe kwa nani, na ana sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika, kabla majitu ya kilo 120 hayajamfikia. Mpokeaji husimama karibu na chaki kama winga, na kazi yake ni kumpoteza beki ndani ya sekunde hizo hizo. Hakimbii anakotaka. Kila jaribio lina njia zilizochorwa kabla: hatua tano kisha kata ndani, hatua kumi na mbili kisha geuka, au nyoosha hadi mwisho wa uwanja. Akichelewa hatua moja, mpira unamkuta beki.

Kwa hiyo mpokeaji hajitafutii mipira peke yake, lazima arushiwe. Ndiyo maana, kabla ya kuhesabu mipira aliyodaka mtu, mimi huangalia alirushiwa mingapi. Nabers alirushiwa 170 katika mechi 15, zaidi ya 11 kwa mechi. Thomas alirushiwa 133 katika mechi zote 17, haifiki 8 kwa mechi. Nabers alidaka asilimia 64 ya mipira yake, Thomas asilimia 65. Mikono yao, basi, haina cha kushindaniwa. Tofauti inajitokeza ukigawa yadi: kila mpira uliorushwa kwa Thomas ulizaa wastani wa yadi 9.6, na kwa Nabers 7.1. Hiyo ni tofauti kubwa sana, na watu wa Jacksonville huishia hapo. Mimi siishii hapo, kwa sababu namba hiyo inabeba pia kazi ya anayerusha, ya walinzi wanaomkinga, na ya kocha aliyechora njia.

Mwaka 2023 wote wawili walicheza chuo cha LSU, Louisiana, wakirushiwa na kwotabeki mmoja, Jayden Daniels. Nabers alipata yadi 1,569, na mara nyingi alianzia ndani zaidi, mbali na chaki, mahali ambapo mpokeaji ana nafasi ya kukata kushoto au kulia. Thomas alidaka tachidauni 17, nyingi kuliko mpokeaji yeyote wa ngazi ya juu ya vyuo mwaka ule. Yeye ana urefu wa mita 1.90, na katika vipimo vya ligi alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.33. Mtu mrefu hivyo hatakiwi kuwa na mbio hizo. Katika drafti ya Aprili 2024, timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, Giants walimchukua Nabers wa 6, na Thomas akasubiri hadi nafasi ya 23. Giants hata waliomba ridhaa ya familia ya Ray Flaherty ili kijana avae jezi namba 1, iliyokuwa imestaafishwa tangu 1935. Mzigo ulianza kabla hajagusa mpira.

Uzito wa mzigo huo unaonekana vizuri katika mechi ya Septemba 15, 2024, ugenini Washington. Mpiga teke wa Giants, Graham Gano, aliumia katika mpira wa kuanzia mechi, na timu haikuwa na mwingine. Giants walifunga tachidauni tatu bila kuongeza hata pointi moja juu yake. Washington hawakufunga tachidauni yoyote. Walipiga mateke saba ya pointi tatu tatu, wakashinda 21 kwa 18. Kwotabeki wao? Jayden Daniels yule yule, akipata ushindi wake wa kwanza wa ligi. Siku hiyo kwotabeki wa Giants, Daniel Jones, alirusha mipira 28, na 18 kati yake ilimwendea Nabers, ikiwa mechi yake ya pili tu ya kulipwa. Alidaka 10, yadi 127, tachidauni moja. Halafu dakika za mwisho, katika jaribio la nne, ukamponyoka mpira ambao ungeiweka hai safari ya Giants.

Kilichosimuliwa sana ni ule uliomponyoka. Mimi nilitazama ile mingine. Washington walijua mpira unakokwenda, uwanja mzima ulijua, na bado kijana alikuwa akichomoka. Ukimtazama mwanzoni mwa njia yake utaona anavyofanya: anamkimbilia beki usoni, anateremsha kiuno, bega linakwenda upande mmoja na mguu upande wa pili. Beki akishahamisha uzito, imekwisha. Mwezi Novemba Giants waliachana na Jones, na kuanzia hapo Nabers akarushiwa na Tommy DeVito na Drew Lock kwa zamu. Desemba 29, dhidi ya Indianapolis Colts, alidaka 7 kwa yadi 171 na tachidauni 2. Timu ilimaliza na ushindi 3.

Jaguars nao hawakuwa na la kujisifu, ushindi 4 tu, ila mwanzoni Thomas alikuwa na watu wa kumpunguzia macho ya mabeki: Christian Kirk, Gabe Davis, Evan Engram. Oktoba 6, dhidi ya Colts hao hao, kwotabeki wao Trevor Lawrence alimrushia mpira uliozaa tachidauni ya yadi 85. Mbio za namna hiyo hulipa hata pale mpira usipomfikia. Beki anayeogopa kuachwa nyuma husimama mbali, na Thomas anaposimama ghafla na kugeuka, kuna pengo la hatua nne tano za bure.

Hoja kwamba alibebwa na Lawrence haina miguu. Lawrence alifungiwa msimu na majeraha, Kirk na Davis wakaumia, mrushaji akawa Mac Jones, na Desemba 15 Thomas akawapiga New York Jets kwa mipira 10, yadi 105 na tachidauni 2. Peke yake, akiwa na kwotabeki wa akiba, alikuwa moto kuliko mwanzo wa msimu.

Nikilazimishwa kuchagua kwa msimu ule mmoja, namchukua Nabers, ingawa yadi zinanikataza. Anayehitaji yadi 6 katika jaribio la tatu anahitaji mtu wa kufunguka hata akikabwa na wawili, na hilo Nabers alilifanya wiki hadi wiki nyuma ya ukuta uliokuwa unavuja. Anayetaka kubadilisha mechi kwa mpira mmoja amchukue Thomas.

Mwaka uliofuata haukumhurumia yeyote. Chini ya kocha mpya, Liam Coen, Thomas hakufikisha yadi 1,000. Nabers alichanika ligamenti ya goti Septemba 28, 2025, dhidi ya Los Angeles Chargers, katika mechi yake ya nne ya msimu huo. Kwa mkimbiaji wa kunyooka, goti likipona mbio zinaweza kurudi zenyewe. Nabers anaishi kwa kukata, na kukata ni kuuegemeza mwili mzima juu ya goti lililoinama. Akirudi, nitaangalia kwanza ule mguu wa pili, pale anapoteremsha kiuno mbele ya beki.