Kwa Nini Gurudumu Moja Huzunguka Bure?

Gari limekwama

Ni mwezi wa Aprili. Mvua imenyesha usiku kucha katika milima ya Usambara. Pikapu ya kikundi cha wakulima inapanda kilima. Imebeba kabichi. Inakwenda Lushoto mjini, kisha iteremke Soni na Mombo, ishike barabara kuu ya Dar es Salaam. Kabichi zikichelewa, bei itakuwa imeshuka. Zikilala njiani siku mbili, zitaanza kuoza.

Katikati ya kilima gari linasimama. Gurudumu la nyuma la kushoto limeingia kwenye tope. Dereva anakanyaga mafuta. Gurudumu la kushoto linazunguka kwa kasi na kurusha tope jekundu. Gurudumu la kulia limekanyaga changarawe ngumu, lakini halizunguki hata kidogo.

Watu wanashangaa. Injini ni nzima. Gurudumu la kulia limekanyaga mahali pazuri. Mbona halisukumi?

Jibu liko ndani ya difu. Tukiifahamu difu, tutajua namna ya kulinasua gari. Tutajua pia kama inafaa kutumia fedha za kikundi kununua difu ya aina nyingine.

Difu ni nini?

Pikapu nyingi za zamani husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi. Kisha hupita kwenye chuma kirefu chini ya gari kiitwacho propela. Propela huishia kwenye bakuli la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani ya bakuli hilo imo difu.

Difu ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kugeuza nguvu ya propela na kuipeleka kwenye magurudumu, kushoto na kulia. Kazi ya pili ni kuyaruhusu magurudumu hayo mawili yazunguke kwa mwendo tofauti.

Kwa nini yazunguke kwa mwendo tofauti? Umewahi kuona wanamgambo wakipiga kwata. Mstari ukigeuka, aliye ndani hupiga hatua fupi. Aliye nje hupiga hatua ndefu, kwa sababu njia yake ni ndefu zaidi. Magurudumu nayo ni hivyo hivyo. Tuseme magurudumu ya nyuma yameachana kwa mita 1.3. Gari likipita kona inayogeuka mpaka likatazama lilikotoka, gurudumu la nje hutembea karibu mita 4 zaidi kuliko la ndani.

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilometa 33 hivi, na kona zake ni nyingi. Bila difu, katika kila kona gurudumu moja lingeburutwa. Tairi zingeisha upesi, na vyuma vingevunjika.

Difu si kitu kipya. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820.

Ubaya wa difu ya kawaida

Fanya jaribio hili. Tafuta fimbo na mawe mawili mazito yanayolingana. Weka mawe chini, mbalimbali kidogo. Laza fimbo ili kila ncha iguse jiwe moja. Sasa sukuma fimbo katikati. Kila jiwe linasukumwa kwa nguvu sawa.

Ondoa jiwe moja. Mahali pake weka kikapu kitupu. Sukuma tena katikati. Je, unaona nini? Ncha iliyo kwenye kikapu inakwenda mbele. Fimbo inageuka, na jiwe halisogei.

Difu ya kawaida hufanya kazi kama fimbo hiyo. Hugawa nguvu sawa kwa sawa. Gurudumu lililo kwenye tope ni kama kikapu kitupu. Linazunguka kwa nguvu kidogo tu. Basi na gurudumu lililo kwenye changarawe hupata nguvu kidogo hiyo hiyo, na haitoshi kulisukuma gari. Ukizidi kukanyaga mafuta, gurudumu la topeni huzidi kuzunguka na kuchimba shimo.

Difu ya kuzuia mtelezo

Katika miaka ya 1930 mafundi wa Ujerumani walikuwa na tatizo kama hili katika magari ya mashindano. Walitengeneza difu inayopunguza mtelezo. Baadaye difu za namna hiyo zilitiwa katika magari ya kawaida na pikapu. Mara nyingi hujulikana kwa herufi tatu: LSD.

Ziko aina kadhaa. Aina moja inayotumika sana ina sahani nyembamba za chuma zilizopangwa pamoja ndani ya difu. Gari likivuta, sahani hubanana. Gurudumu moja likitaka kuzunguka bure, sahani hulizuia, na sehemu ya nguvu hupelekwa kwa gurudumu lenye mwendo mdogo. Kwenye kona, sahani huteleza kidogo na kuyaruhusu magurudumu yatofautiane mwendo.

Utajuaje kama gari lako tayari lina difu hiyo? Egesha gari mahali tambarare na uzime injini. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, kisha weka vigingi imara chini ya ekseli. Toa gia na uachie breki ya mkono. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Ikiwa difu ni ya kawaida, gurudumu la pili kwa kawaida litazunguka kinyume. Ikiwa ni ya kuzuia mtelezo, nayo ni nzima, magurudumu yote yatazunguka upande mmoja.

Kazi ya kuifunga

Kubadili difu ni kazi ya fundi mwenye uzoefu. Hata hivyo mwenye gari afahamu mambo muhimu, ili ajue anacholipia.

Kwanza, difu iwe ya aina ya gari lako na ya hesabu moja na ile ya zamani. Hesabu hiyo ni rahisi. Hesabu meno ya gia kubwa iitwayo krauni. Gawanya kwa meno ya gia ndogo inayoizungusha. Tuseme krauni ina meno 41 na gia ndogo ina meno 10. 41 gawanya kwa 10 ni 4.1. Maana yake, propela huzunguka mara 4.1 ili krauni izunguke mara moja. Ukifunga difu yenye hesabu nyingine, nguvu ya gari itabadilika, na mshale wa spidi unaweza kudanganya. Ikiwa gari husukumwa na magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Zisipolingana, vyuma vitavunjika.

Pili, kama unanunua ya mtumba, ifunguliwe na itazamwe. Meno yasiwe yamevunjika. Sahani zikiwa zimelika, umenunua difu ya kawaida kwa bei kubwa.

Tatu, fuata kazi yenyewe. Katika pikapu kama Toyota Hilux za zamani, fundi humwaga oili ya difu. Huondoa magurudumu na dramu za breki, kisha huvuta shafti za kushoto na kulia. Hufungua propela. Halafu hulegeza nati na kutoa difu nzima kwa mbele. Difu ni nzito, kwa hiyo watu wawili waishike. Wakati wa kurudisha, seli za kuzuia oili zikaguliwe, na zilizochoka ziwekwe mpya. Kama paipu za breki zilifunguliwa, lazima upepo utolewe katika breki. Usikubali gari literemke mlima kabla breki hazijajaribiwa.

Nne, itiwe oili iliyoandikwa kuwa inafaa kwa difu ya LSD. Oili ijae mpaka ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Usikubali difu ichomelewe

Baadhi ya mafundi hutoa njia ya mkato. Husema, "Mzee, mbona unataka kupoteza fedha? Nitazichomelea gia ndogo za ndani. Magurudumu yote yatavuta pamoja."

Ni kweli yatavuta pamoja. Lakini hayatatofautiana tena kwenye kona. Kwenye tope jambo hilo halionekani sana, kwa sababu magurudumu huteleza. Kwenye lami gari litakuwa gumu kukata kona. Tairi zitaisha upesi. Shafti inaweza kukatika. Fikiri juu ya gari hilo likiteremka kutoka Lushoto hadi Mombo likiwa na mzigo na watu. Mjibu fundi, "Hapana, fundi wangu. Rahisi ni ghali."

Mambo ya kukumbuka

Difu ya kuzuia mtelezo ina hatari zake. Usiinue gurudumu moja tu la nyuma na kuliendesha kwa injini. Gurudumu lililobaki chini litasukuma, na gari litaanguka kutoka kwenye jeki. Pia katika barabara ya utelezi iliyolala upande, magurudumu yote mawili yanaweza kuteleza kwa pamoja. Hapo gari huserereka kuelekea bondeni. Endesha polepole. Tumia tairi zinazolingana, kushoto na kulia.

Difu hii haisaidii ikiwa magurudumu yote mawili yamo topeni. Haisaidii tairi zilizokwisha.

Kama kikundi hakina fedha za difu, msikate tamaa. Gurudumu moja likizunguka bure, acha kukanyaga mafuta kwa nguvu. Tia gia ya kwanza na uvute breki ya mkono kidogo tu. Katika pikapu nyingi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma. Gurudumu la topeni litapata kizuizi, na la upande wa pili litapata nguvu zaidi. Chimbeni tope mbele ya gurudumu. Wekeni mawe madogo au matawi. Fungeni minyororo kwenye tairi kama mnayo. Watu wasisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka, kwa maana jiwe linaweza kuwarukia. Wala wasisimame upande wa bondeni.

Na kabla ya masika, zibueni mifereji ya barabara. Maji yakipata njia yake, tope hupungua, na magari yote hupita.

Maswali

1. Kwa nini gurudumu la nje hutembea zaidi kwenye kona?
2. Krauni ina meno 43 na gia ndogo ina meno 10. Propela huzunguka mara ngapi ili krauni izunguke mara moja?
3. Kwa nini si vizuri kuchomelea difu ya gari linalopita barabara ya Lushoto?
4. Jadilianeni: kikundi chenu kina fedha za kununua kitu kimoja tu. Je, mtanunua tairi mpya au difu ya kuzuia mtelezo? Toeni sababu.