Neno Jipya na Mahali Pake katika Sentensi

Askari wa zamu aliyeko Lobule, wilayani Koboko, husikia lugha kadha wa kadha kabla ya jua kutua. Wenyeji husema Kikakwa, ambacho ndugu zao wa Kongo na Sudani Kusini nao hukisema. Wakimbizi kutoka Kongo, ambao makazi yao hapo yalifunguliwa mwaka 2013, huja na Kiswahili na Kilingala. Lakini maelezo ya mlalamikaji, yatakayosomwa na wakili na hakimu, huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitumika jeshini tangu enzi za King's African Rifles, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, majalada ya kesi yangali ya Kiingereza.

Kwa sababu hiyo askari wengi hujitahidi kujifunza maneno magumu ya Kiingereza. Jitihada hiyo ni ya kusifiwa. Kosa hutokea pale neno linapokaririwa peke yake, mithili ya mtu anayekusanya risasi bila kujua ni za bunduki gani.

Mfano ni maneno mawili, "steal" na "rob". Mwanafunzi huyakariri yote mawili kuwa ni kuiba. Kumbe "steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa, na "rob" hufuatwa na mtu aliyenyang'anywa. Kwa Kiswahili ni sahihi kusema kwamba wezi walimwibia mchuuzi. Askari akiifuata njia hiyo hiyo na kuandika "They stole the trader", amesema kwamba mchuuzi mwenyewe ndiye aliyechukuliwa. Ikiwa nguvu au vitisho vilitumika, ataandika "They robbed the trader of his money". Kama havikutumika, ataandika "They stole the trader's money".

Tofauti hiyo si ya sarufi tu. Kwa sheria ya Uganda, wizi ni kosa moja na unyang'anyi ni kosa jingine. Unyang'anyi wa kutumia silaha ya kuua waweza kumfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo. Vivyo hivyo, "suspect" ni mtuhumiwa, na "convict" ni aliyekwisha kutiwa hatiani na mahakama. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike, au akiri mwenyewe. Askari anayeandika "convict" kituoni amemtangulia hakimu.

Basi kila askari na awe na daftari dogo la mfukoni. Neno jipya liandikwe pamoja na mwandani wake: "accuse" huandamana na "of", na "charge" huandamana na "with". Kisha litungiwe sentensi juu ya jambo lililotokea katika zamu ile, na mwenye ujuzi zaidi aikague. Kesho yake litumike kwa jambo jingine. Neno lisilokubali kukaa katika sentensi ya kweli lisubiri; la kawaida lishike nafasi yake.

Mchuuzi wa Lobule huenda asiweze kusoma alichoandikiwa. Husomewa kwa lugha yake, kisha hutia kidole gumba, akiamini kwamba karatasi ile imesema alichosema yeye. Amana hiyo ni ya askari kuilinda.