Jinsi ya kusaka maarifa kuhusu mwendo wa roboti na mashine

WANAFUNZI wengi wa uhandisi hukata tamaa wanapokutana kwa mara ya kwanza na kinematiki, yaani elimu ya mwendo wa viungo vya roboti na mashine za kuchonga vyuma. Mara nyingi tatizo si ugumu wa somo, bali ni kuanza na kitabu kisichofaa au kuchanganya vitabu visivyopatana.

Kinematiki huchunguza mwendo pasipo kujali nguvu zinazousababisha. Maswali yake makuu ni mawili. Iwapo pembe za viungo zinajulikana, ncha ya mkono iko wapi? Na iwapo ncha inatakiwa kufika mahali fulani, viungo vikunjwe vipi?

Swali la pili ndilo gumu. Chukua mkono wenye vipande viwili, cha sentimita 30 na cha sentimita 40. Ili uguse kitu kilicho sentimita 50 kutoka begani, vipande hivyo sharti vikutane kwa pembe ya digrii 90, kama ifunzavyo kanuni ya Paithagorasi. Hata hivyo, kiwiko chaweza kuelekea juu au chini, hivyo majibu ni mawili. Kitu kikiwa mbali kuliko sentimita 70, au karibu kuliko sentimita 10, hakuna jibu.

Mashine za kuchonga vyuma nazo zina mitego yake. Ile yenye mihimili mitatu iliyonyooka ni rahisi kueleweka. Lakini katika mashine ya mihimili mitano, kifaa cha kukatia chenye urefu wa milimita 100 kikiinamishwa digrii 30 kutoka wima, ncha husogea kando milimita 50. Hesabu hiyo isipofanywa, chuma huharibika.

Anayeanza hana budi kuimarisha kwanza trigonometria na matriki. Baada ya hapo atakutana na njia iliyobuniwa na Jacques Denavit na Richard Hartenberg mwaka wa 1955, inayoeleza kila kiungo kwa vipimo vinne.

Hapa tahadhari inahitajika, kwani njia hiyo ina mitindo miwili. Kitabu cha John Craig, 'Introduction to Robotics', kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1986, hufuata mtindo uliorekebishwa. Anayetwaa jedwali la kitabu kimoja na kanuni za kingine hupata jibu linaloonekana sahihi, ilhali mkono wa roboti utaelekea kwingine, pengine hata ugonge meza.

Kwa asiye na pesa za kununua vitabu, 'Modern Robotics' cha Kevin Lynch na Frank Park, cha mwaka wa 2017, hupatikana bila malipo katika intaneti pamoja na video za mafunzo. Kwa upande wa mashine, programu ya LinuxCNC ni ya bure, na yeyote aweza kusoma jinsi hesabu za mihimili zilivyoandikwa ndani yake.

Aidha, ni vyema kuchagua kitabu kimoja na kukimaliza kabla ya kufungua kingine. Kila hesabu ifanywe kwanza kwa kalamu na rula, kisha ilinganishwe na jibu la kompyuta. Majibu yakitofautiana, kosa litafutwe kwenye karatasi kabla ya mashine kuwashwa.